Kusine ya Tatu

Mambo haya yalitokea mwaka 2023, katika kiangazi, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, zikiwa zimebaki siku kumi shule zifunguliwe.

Euphrasie, mjane wa Apollinaire, mwanamke wa miaka sitini na minane, alikuwa ameketi juu ya kigoda katika karakana ya fundi Marcellin huko Kadutu, akiilinda injini ya trekta lake. Kulinda ndilo neno lenyewe. Katika mtaa ule, mwenye injini iliyofunguliwa hakai nyumbani kusubiri habari. Huja asubuhi na kigoda chake, huketi mahali anapoiona kila skurubu, na haondoki mpaka fundi afunge mlango. Fundi naye haoni ajabu wala hachukii. Na kazi ikiisha, humrudishia mwenye mali vipuri vyote vikuukuu ndani ya beseni, ili ahesabu kwa mikono yake mwenyewe na ajue kwamba kilichobadilishwa kimebadilishwa kweli.

Desturi hiyo Euphrasie hakuhitaji kufundishwa. Kwa miaka thelathini alikuwa mtunza ghala wa misheni, na katika miaka hiyo yote hakuna shuka, kijiko wala mshumaa uliotoka ghalani pasipo kuandikwa. Kilichotoka kwa jozi kilirudi kwa jozi. Siku ya kwanza ya ulinzi alikuja na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, akatia nukta kwenye kila kipande kilichotolewa, huku midomo yake ikihesabu.

"Maman, unapamba bibi-arusi?" aliuliza Willy. Huyu alikuwa mchomeleaji wa vyuma aliyegawana uwanja na Marcellin kwa miaka tisa; kabati lao la zana lilikuwa moja, na mchana walikula maharage kwa kuchangia.

"Ninamwandika jina, mwanangu, asije akapotea."

"Rangi ya vile? Ikitoka hapa itaomba na viatu vya kisigino."

Marcellin hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi, asiyetoa neno pasipo sababu, na Euphrasie aliuhesabu ukimya ule miongoni mwa dalili. Mtu asiyekuwa na la kuficha huzungumza.

Dalili nyingine ilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Mwaka 2006, Apollinaire akiwa bado hai, injini hiyohiyo ilikuwa imefunguliwa na fundi huyuhuyu. Iliporudi kijijini kwao Nyantende, Euphrasie aliinama juu ya beseni akahesabu kusine zilizotolewa, yale mabamba membamba ya nusu duara yanayouzunguka mhimili wa injini kama bangili iliyokatwa katikati. Pistoni nne, kila moja na jozi yake: zilitakiwa nusu nane. Alihesabu saba. Akahesabu tena, zikawa saba. Apollinaire alimwambia aachane na jambo dogo, naye aliachana nalo kwa mdomo, lakini moyoni aliliweka mahali pake, akalipangusa vumbi kila mwaka. Mtu anayekula nusu moja ya kusine kuukuu atashindwa kula nini?

Kwa nini basi alirudi kwake? Alirudi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Trekta lile lilikuwa la zamani kuliko mafundi wengi wa mjini, na Marcellin peke yake ndiye aliyeijua injini yake bila kufungua kitabu. Lilikwishaacha kulima siku nyingi. Sasa lilisimama chini ya paa la nyasi huko Nyantende, na mkanda mrefu wa mpira ulitoka kwenye gurudumu lake mpaka kwenye kinu cha kusaga mahindi. Wanawake wa chama cha Nyantende, ambao Euphrasie alikuwa mkuu wao, walikuwa wameiahidi shule moja ya bweni magunia arobaini ya unga kabla ya siku ya kufungua. Mahindi yalikuwa tayari yamekauka. Injini isiponguruma kufikia Jumamosi, shule ingechukua unga wa wafanyabiashara wa mjini, na wanawake wale, ambao karo za watoto wao zilitegemea magunia hayo, wangebaki na mahindi yao kwa ajili ya panya.

Siku ya tatu ya ulinzi Marcellin aliupima ule mhimili, ambao mafundi wa huko huuita vilibrekini. Una shingo nne, moja kwa kila pistoni. Aliibana kila shingo kwa palmeri, chombo chake cha kupimia unene, akisoma na kupangusa, akisoma tena.

"Hazikusogea," alisema hatimaye. "Ziko vile niliziachaga. Maman, uende kwa Bisimwa, ununue kusine za cinquante. Paketi nzima. Haziuzwake jozi moja moja."

"Cinquante ni ukubwa au ni ubora?"

"Ni unene. Shingo ikisagwa, inakuwa nyembamba, basi kusine inakuwa munene kidogo, ili ijaze ile nafasi. Namba inapanda, unene unapanda."

Euphrasie alikwenda kwa Bisimwa, muuza vipuri karibu na soko, akanunua paketi, akaifungua dukani na kuhakikisha kwamba nusu zote nane zilikuwa na 50 mgongoni. Aliporudi, alifungua kichupa chake, lakini Marcellin aliufunika mkono wake.

"Hapana, maman. Kusine haipakwe kitu. Hata jasho haitaki."

Hiyo nayo akaiweka katika hesabu yake.

Kesho yake asubuhi fundi alizipanga kusine juu ya meza, kila jozi mbele ya shingo yake. Alipofika kwenye jozi ya tatu, alisita. Akazichukua zile mbili zinazong'aa, akazifunga katika karatasi yake, akazitia kabatini. Kisha akatoa kopo la maziwa ya unga, akachakura ndani yake, akaibuka na jozi iliyofungwa katika karatasi ya kaki iliyolowa mafuta tangu enzi za nani sijui. Akaifungua, akaipangusa, akaiweka mahali pa ile mpya.

Euphrasie aliyaona hayo yote bila kupepesa jicho. Sauti yake ilikuwa ileile ya ghalani.

"Papa Marcellin, hiyo ni nini?"

"Ya tatu inaomba septante-cinq."

"Dada zake tatu wanavaa hamsini. Yeye ana nini?"

"Yeye alishaga ungua, ile mwaka." Alikuwa keshainama. "Iko ya kwangu, mu kopo yangu. Siiuzishe."

Kabla Euphrasie hajauliza neno la pili, dereva mmoja aliingia akilalamikia breki, na Marcellin akatoka naye nje.

Alibaki akiitazama ile jozi. Rangi yake ilikuwa imefifia. Mgongoni palikuwa na 75, nambari isiyofanana na zile nyingine sita, kama sahani moja ya bluu katika seti nyeupe. Yaani fundi anachukua jozi yangu mpya, anaificha, anaziba pengo kwa takataka ya koponi mwake, kisha anasema haniuzii. Ukarimu gani huo unaokuja bila kuombwa? Aliona kwamba mwaka 2006 alikuwa ameonjwa tu. Sasa alikuwa analiwa.

Mchana Willy alikuwa ameteremka kupeleka lango la mteja, na Marcellin akaenda kununua maharage. Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya turubai, siri ya watu wawili. Lakini macho yaliyokaa siku nne juu ya kigoda huona vingi. Euphrasie aliinuka, akafungua, akaitoa jozi yake mpya, akaiweka mezani mahali pa tatu, akaifunga ile kuukuu katika karatasi yake ya kaki na kuitia katika mkoba. Akaurudisha ufunguo uning'inie kama ulivyokuwa, akaketi. Marcellin aliporejea na sahani mbili, mlinzi alikuwa akipangusa miwani yake.

"Kula, maman."

"Asante, papa. Nimeshiba."

Jioni aliipeleka ile jozi kwa Bisimwa, ili asikie kwa muuza vipuri kwamba ilikuwa takataka. Bisimwa aliigeuza chini ya taa.

"Hii haikutoka kwangu. Iko ya zamani, lakini haijapata kuvaliwa. Septante-cinq ya ile aina, maman, mimi sijaiona miaka. Unaiacha? Nakupa filtre ya mafuta, mupya."

Hapo palikuwa pa kusimama na kufikiri. Neno "haijapata kuvaliwa" lilipita sikioni mwake, lakini shaka iliyolelewa miaka kumi na saba haikubali kupishwa njiani na neno moja. Aliwaza kwamba wauza vipuri na mafundi hulala kitanda kimoja. Akaichukua filtre, lile chujio la mafuta, akaondoka akiwa ameridhika, kama mtu aliyemrudisha mbuzi wake kutoka zizi la jirani.

Usiku ule alilala kwa Francine, msaidizi wake katika chama, aliyekuwa na chumba pale Kadutu kwa ajili ya biashara ya maharage. Akamsimulia yote, isipokuwa habari ya ufunguo.

"Nilikuambia," alisema Euphrasie. "Wa nusu saba ni yeye yule."

"Kumbe," alisema Francine. "Na shemeji yangu anataka kumuletea moteri ya moulin yake, ile ya kusaga unga. Nitamuambia asilete."

"Mwambie."

Naye Francine akamwambia, na si yeye peke yake. Ijumaa, Nyantende yote ilikuwa inajua kwamba fundi Marcellin hubadilisha vipuri mbele ya macho ya mwenye navyo.

Ijumaa hiyohiyo asubuhi, Marcellin alianza kufunga mikono ya pistoni. Alikuwa na utaratibu wake, ambao hakuuruka hata kama mteja alikuwa amesimama juu ya kichwa chake. Aliweka kipande cha uzi wa bati, mwembamba kama unywele wa farasi, kati ya kusine na shingo, akakaza, akafungua tena, akaupima ule uzi uliobanwa. Uzi ukibanwa sana, nafasi ni ndogo. Ukibaki mnene, nafasi ni kubwa mno na mafuta yatakimbia.

Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa sawa. Alipoufungua mkono wa tatu, uzi ulitoka karibu kama ulivyoingia. Marcellin aliupima mara mbili, akaenda kuupima mlangoni penye mwanga, akarudi. Akaitoa kusine, akaigeuza, akasoma.

"Nani alishika hapa?"

Euphrasie alimkazia macho, akisubiri uongo wenyewe utoke. Fundi alikwenda kwenye kabati. Jozi mpya aliyoiweka haikuwamo. Akalichakura kopo la maziwa, akalimwaga mezani. Jozi ya 75 haikuwamo wala haikuwa mahali popote. Kisha akasimama, mkono juu ya mlango wa kabati, na alipogeuka hakumtazama Euphrasie. Nani humshuku mwenye mali? Mtu gani atajiibia mwenyewe?

Alimtazama Willy.

"Funguo inajulikana na batu wawili," alisema.

Willy aliinua barakoa yake ya kuchomelea. "Unasema nini?"

"Ninasema batu wawili. Mimi na wewe. Ile kusine nilifichaga miaka kumi na saba, kwa ajili ya hii injini. Bisimwa mwenyewe hana. Ulimuuzishia nani?"

"Muzee, unaniona sawa mwizi? Miaka tisa tunakula mu sahani moja."

"Ndiyo maana inaniumiza."

"Uniambie tena. Usitazame kabati, unitazame mimi."

"Uliiuza kwa nani, Willy?"

Willy hakupiga kelele. Alizima mashine yake, akazikunja nyaya, akalishusha bati lenye jina lake lililokuwa juu ya lango, akaita vijana wawili wa mkokoteni. Alipopita karibu na kigoda, aliinama kidogo, kwa adabu. "Maman, ulinde vizuri. Hapa hatari iko karibu kuliko unavyozania." Kisha akateremka na ile njia ya mawe, na bati lake kwapani.

Euphrasie hakusema neno. Mtu atauliza kwa nini. Jibu ni kwamba bado aliamini anatazama mchezo. Wezi wawili wanagombana ili mlinzi aangalie pembeni: yeye alikwisha kuyaona hayo ghalani. Hofu mpya ikamshika. Ikiwa wanaficha kusine, je, hawakuficha kitu kikubwa zaidi? Je, ile vilibrekini iliyolala juu ya meza ni yake kweli? Marcellin alipotoka kwenda kumwomba turneri mmoja, fundi wa kuchonga vyuma, amtafutie jozi nyingine, Euphrasie alichukua kitambaa, akakichovya katika petroli, akaanza kuipangusa vilibrekini, akitafuta nukta yake nyekundu.

Nukta aliipata. Lakini aliendelea kupangusa, kwa kuwa mkono uliozoea usafi hauachi kazi nusu, na chini ya grisi iliyogandamana pembeni mwa shingo ya kwanza, chuma kilionyesha alama. Alivaa miwani. Ilikuwa nambari iliyopigwa kwa tindo, ndogo na iliyonyooka: 50. Akahamia shingo ya pili: 50. Ya nne: 50. Ya tatu aliiacha iwe ya mwisho, hakujua kwa nini. Alipoipangusa, alisoma 75, na chini yake: M, 8-06.

Alijaribu kulitilia shaka na hilo. Akakwangua kwa ukucha. Uchafu uliojaa ndani ya zile nambari ulikuwa mgumu kama chuma chenyewe. Haukuingia juzi wala mwaka jana. Mtu alikuwa ameandika humu, Agosti 2006, mahali ambapo yeyote atakayeifungua injini angesoma, jambo lilelile alilolisema kwa mdomo jana yake.

Marcellin aliporudi, mikono mitupu, alimkuta amesimama.

"Turneri hana," alisema fundi. "Inabaki kusaga zote nne upya, na ile ni wiki mbili. Unga ya shule haitawahi, maman. Unisamehe."

"Tukiifunga na ile ya hamsini?"

"Siku moja itapiga nyundo. Siku ya pili itatoboa tumbo la injini."

Euphrasie aliigeukia ile vilibrekini. "Papa Marcellin, mwaka ule ulinirudishia nusu saba. Ya nane ilikwenda wapi?"

Fundi alimtazama kwa mshangao mtupu, usio na kosa wala utetezi. "Nilikurudishia. Si ndiyo ile ya tatu iliungua? Nusu moja iliyeyuka ikashikana na shingo, niliibandua na patasi. Ndiyo maana nilisaga ile shingo kuzidi zingine. Kile kidonge nilikifunga mu gazeti, nikaweka mu beseni, ili usiseme nimekula. Nilimuonyesha na papa Apollinaire."

Kidonge. Euphrasie aliliona beseni lile tena kana kwamba lipo miguuni pake: zile nusu saba zikiwa zimelaliana, na kando yake karatasi ya gazeti yenye kitu cheusi kilichokunjamana kama ukoko wa sufuria. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili. Alikuwa amekirusha migombani, kwa kuwa hapendi uchafu uchanganyike na hesabu. Kisha ndipo alipoanza kuhesabu.

Aliketi.

Angeweza kusema palepale, lakini maneno matupu yasingeirudisha injini Nyantende. Alisema tu kwamba anatoka kidogo, na kwa mara ya kwanza katika siku zile aliiacha injini wazi nyuma yake. Kwa Bisimwa alipewa jibu alilolihofu: jozi ilikwisha kuuzwa.

"Nathanaël wa Bunyakiri, mwenye moulin. Aliichukua jana usiku, akapanda na gari ya leo asubuhi. Ana injini sawasawa na ya kwenu."

"Amekwisha kuifunga?"

"Hajafungua hata. Ananunua ya akiba. Maman, uso wako umekuwa nini?"

Alipitia Nyantende usiku, akachukua kitu kimoja chini ya kitanda chake, na alfajiri ya Jumamosi alikuwa nyuma ya lori la kwenda Bunyakiri, amekaa juu ya magunia ya chumvi. Barabara ile haimwonei huruma mtu wa miaka sitini na minane. Walikwama mara mbili. Mara ya tatu abiria walishuka wakasukuma, naye akasukuma pamoja nao. Alifika jua likitua. Nathanaël, mtu mnene mwenye sauti laini, alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha muhogo na samaki, kisha akakataa.

"Nikikuachia, siku yangu ikifika nitakimbilia wapi?"

Euphrasie hakubembeleza. Alilifungua furushi lake, akatoa sanduku la bati lenye kufuli: funguo zote za Apollinaire za kufungulia nati, kubwa na ndogo, zilizopakwa mafuta kila Krismasi kwa miaka kumi na moja tangu azikwe, ambazo hakuwahi kumwazima mtu hata ndugu wa damu. Nathanaël alizitazama kwa muda mrefu. Akaenda kuileta karatasi ya kaki.

Jumamosi ilikuwa imekwisha kupita, na ndiyo iliyokuwa mwisho wa ahadi. Jumapili, akiwa njiani kurudi, alisimamisha lori mbele ya shule ile ya bweni, akaomba kuonana na mtawa msimamizi wa chakula, akamweleza ukweli wote, pamoja na ule wa ufunguo na kabati. Mtawa alimpa mpaka Alhamisi. "Kwa sababu umesema," aliongeza, "si kwa sababu umechelewa."

Jumatatu asubuhi Marcellin alikuta watu langoni pake. Euphrasie alikuwepo na kigoda chake. Francine alikuwepo, na wanawake wanne wa chama pamoja naye, waliopanda kutoka Nyantende bila kuambiwa sababu. Willy naye alikuwepo, amesimama mbali kidogo, mikono kifuani. Euphrasie alikuwa amemfuata kwake alfajiri, naye Willy alikuwa amekubali kuja kwa sharti kwamba hataingia ndani kabla hajasikia.

"Kaa, maman," alisema Marcellin, akiwatazama wote kwa wasiwasi. "Kuna nini?"

"Nitasema nikiwa nimesimama." Sauti yake ilikuwa ya ghalani, lakini ilikuwa na ufa. "Kusine ya tatu aliichukua mtu wa tatu. Nilijua ufunguo ulipo. Nilifungua kabati lenu, nikabadilisha, nikaipeleka sokoni. Willy aliposhutumiwa nilikuwa nimeketi hapa, nikanyamaza. Na ile nusu ya nane, ambayo kwa ajili yake nilimwita mtu huyu mwizi miaka kumi na saba, ilikuwa katika beseni langu. Niliitupa mwenyewe. Francine, ulichokipeleka Nyantende kutoka kinywani mwangu, nenda ukakirudishe. Kila mlango ulioupitia."

"Hata kwa shemeji?" aliuliza Francine, taratibu.

"Kwake kwanza."

Willy alikohoa, akatazama chini, akatazama lango, mahali palipobaki misumari miwili bila bati.

"Na mimi nilikuita mwizi," Marcellin alimwambia.

"Uliniita mara mbili," alisema Willy. "Bati yangu ni nzito, muzee. Utaibeba wewe, mpaka hapa juu."

"Nitaibeba."

"Leo."

"Leo, mchana. Nikiisha fungia huyu maman injini yake." Kisha fundi akamgeukia Euphrasie, na macho yake hayakuwa makali wala hayakuwa laini. "Ulisema uliipeleka sokoni. Basi kusine yangu haiko."

Euphrasie aliifungua ncha ya kitenge chake. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kaki, na ndani ya karatasi mlikuwa na zile nusu mbili, zilizofifia rangi, zisizopata kuvaliwa. Aliziweka katika kiganja cha Marcellin, moja, kisha ya pili, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

Marcellin hakuzitia mfukoni wala hakuzipeleka mezani. Alisoma 75 mgongoni mwa ya kwanza, akasoma 75 mgongoni mwa ya pili. Kisha akaichomoa palmeri katika kifuko chake, akaanza kuzipima, taratibu, mbele ya wote, ncha hii, katikati na ncha ile.

"Unisamehe, maman," alisema bila kuinua kichwa. "Kuanzia leo, kitu kikipita mukononi mwako, ninapima."

"Pima, papa," alisema Euphrasie, na akasimama palepale, mikono yake mitupu ikiwa mbele yake, mpaka alipomaliza kupima ya pili.